Tarikhi ya Breki na Ng'ombe Aliyeitwa Shangazi

Enyi mliokaa vitini, na enyi mliosimama mlangoni mkijidai mnapita tu, tegeni masikio, zimeni redio, na mwenye uji jikoni aupunguzie moto, maana habari inayokuja si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine wamesimulia ya wafalme waliovunja ngome, na majemadari waliovuka mito na majeshi yasiyo na idadi. Hayo ni yao, wala hatuwaonei gere. Sisi tumeangukiwa na habari za mtu mmoja mwenye kitambi cha wastani, aliyevaa buti za mpira zilizombana vidole, akaingia zizini asubuhi na ndoo tupu mkononi. Ewe kalamu, usitetemeke. Mwandishi wako si hodari sana, tunakiri, lakini waandishi hodari wote waliombwa na wakasema wana shughuli.

Jina la shujaa wetu katika tarikhi hii ni Breki. Hakulirithi kwa mababu. Alilipata kazini, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa udereva, yule akaaye kando ya mwanafunzi na pedali yake ya pili ya breki, naye aliikanyaga pedali ile hata gari likiwa limesimama. Breki, Mzuia-Magari! Breki, Ngao ya Watembea kwa Miguu! Walikuwako wanafunzi waliohitimu mikononi mwake bila kuijua gia ya tatu iko upande gani. Kisha mwenye shule akauza gari, na kwa kuwa gari lilikuwa hilohilo moja, shule nayo ikawa imekwenda nalo. Shujaa akarudi kwa dada yake mkubwa akiwa na sanduku moja la nguo, na ile tabia ya kukanyaga sakafu kila amwonapo mtu anakwenda kwa kasi.

Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa mjane mwenye ulimi mkali na mkono mkunjufu, na maisha yake yote yalisimama juu ya miguu minne ya ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe mwenyewe aliitwa Shangazi, kwa sababu alimtazama kila aliyeingia zizini kama mgeni aliyekuja mikono mitupu. Hakuwa na ubaya. Alikula vizuri, akalala vizuri, akatoa maziwa hata wale wa kituo cha maziwa wakawa wanamuulizia hali kabla ya kumuulizia Dada. Ila mtu yeyote asiyekuwa Dada akimshika chuchu, mambo yaliishia hapo. Alijaribu jirani, akaambulia ya kuweka kwenye chai. Akaletwa kibarua aliyesifiwa mtaa mzima, naye akaondoka akichechemea, akisema kwamba yeye kwa kweli ni mtu wa kuku.

Na hapa ndipo penye vita, wasikilizaji wetu, kwa maana nyonga ya Dada ilikuwa imekwisha. Daktari alimpangia siku ya kupasuliwa, Dada hakwenda. Akampangia nyingine, Dada akatuma salamu. Ng'ombe asipokamuliwa kiwele huvimba, kikivimba huugua, na hakuna siku ambayo mtu anaweza kumwambia ng'ombe asubiri wiki ijayo. Kila alipoulizwa alijibu kwamba siku atakapopatikana wa kumkamua Shangazi, siku hiyohiyo yeye atalala kitanda cha hospitali. Alijua kwamba hapatikani, nasi tunashuku kwamba kidogo alishukuru, maana kisu alikiogopa hata kile cha vitunguu.

Breki aliyasikia maneno hayo mezani, akiwa na tonge mdomoni. Akalimeza. Akasimama, akavuta fulana ifunike kitambi, akatamka kwamba yeye, aliyefundisha watu kuendesha mashine ya tani moja na nusu kwenye barabara yenye mashimo, hawezi kushindwa na kiumbe asiye hata na usukani. Dada alimwambia akae amalize chakula. Hakukaa. Kesho yake alikwenda chuo cha mifugo, upande wa pili wa mji, ambako walikuwa wamefungua mafunzo ya wakamuaji kwa kuwa wenye mashamba walilalamika kwamba ng'ombe wapo, vyombo vipo, mikono inayojua kazi haipo.

Huko alikutana na Ng'ombe wa Mbao. Alikuwa fremu ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe, tumboni ana mfuko wa maji, na chini yake chuchu za mpira ambazo wanafunzi walijifunzia mkono. Siku ya kwanza, kabla hajaketi kwenye kigoda, Breki alimzunguka ng'ombe yule akikagua mguu mmoja mmoja, akatazama nyuma, kisha akainama kuona kama kuna kinachovuja chini. Darasa zima likaandika kwamba hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Mkufunzi, mama mmoja mpole asiyependa kumwaibisha mtu, ilimchukua nusu ya kipindi kuwafutisha.

Lakini tumpe haki yake: alijifunza. Mtu mzima, mwenye mvi kwenye ndevu, alikaa dawati moja na vijana waliomwita mzee, akajifunza kuosha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kukikausha kwa kitambaa safi, kuminya matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi ili aone kama maziwa yana mabonge ya ugonjwa, kubana chuchu juu kwa kidole gumba na kushusha vidole kimoja baada ya kingine, bila kuvuta. Kwa Ng'ombe wa Mbao alikuwa hana mpinzani. Na ng'ombe wa kweli wa chuo nao aliwakamua vizuri kabisa, ingawa lazima tuseme kwamba wale walikwisha kuzoea wanafunzi kiasi kwamba wangemtolea maziwa hata fundi aliyekuja kubadilisha balbu. Breki hakuliwaza hilo. Alirudi nyumbani kichwa kimevimba, akitembea katikati ya njia.

Ikakaribia siku ya tatu aliyopanga daktari. Jioni ya kuamkia siku hiyo Dada alimwita mdogo wake jikoni, akamwambia bila kupandisha sauti.

"Kesho utamkamua wewe, mimi nitakaa kwenye kiti nitazame. Akikupa, nakwenda. Asipokupa, siendi, na daktari amesema hatapanga tena mwaka huu. Sitamwacha mnyama aumie kiwele ili mimi nitengenezwe nyonga."

"Dada, nenda ukalale na amani," alisema Breki. "Mbele yako amesimama mtu aliyehitimu."

Dada alimtazama toka buti hadi mvi, akaenda kulala. Alitembea kwa kushika ukuta.

Kulipokucha, jeshi likatoka. Jeshi lilikuwa Breki. Kulia kwake ndoo, kushoto kwake kigoda, begani kitambaa cheupe, mfukoni kikombe cheusi na kopo la mafuta ya kukamulia. Dada alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa zizi, amevaa gauni lake la safari na viatu vya kamba, mkoba mapajani. Getini teksi ilikuwa imefika. Dereva wake alikuwa mmoja wa wahitimu wa Breki, ndiyo maana iliitwa mapema hivyo. Kwa mwendo wake, hospitali ilikuwa safari ya asubuhi nzima.

Shangazi alikuwa horini akitafuna. Akageuza kichwa, akamwona Breki, akatazama mikono yake, akageukia pumba zake. Shujaa akapiga moyo konde. Akaosha, akakausha, akapaka mafuta, yote kama yalivyofundishwa, wala hapana mkufunzi duniani ambaye angepata la kusema. Akashika kikombe cheusi, akaminya. Likatoka tone. Akaminya tena, likatoka tone la pili, dogo kuliko mwenzake. Maziwa yenyewe yalikuwa safi, hayana bonge hata moja. Tatizo ni kwamba hayakuwapo.

Akaweka ndoo akaingia kazini kwa mikono miwili. Alibana, akashusha, akabana, akashusha. Jasho likamtoka mgongoni. Kiwele kilikuwa kimejaa, kigumu, mtu angeweza kukiona hivyo toka mlangoni, na ndoo ilikuwa kavu. Kisha Shangazi akarudi nyuma hatua moja, ghafla, kama gari lililoachiwa mlimani, na mguu wa kulia wa Breki, bila kumwomba mwenyewe ruhusa, ukakanyaga breki. Buti likapiga sakafu kwa kishindo. Ng'ombe akaruka upande, kigoda kikaenda upande wa pili, na Ngao ya Watembea kwa Miguu akakaa chini mahali ambapo palikuwa bado hapajafagiliwa.

Mtu mwingine angeondoka. Breki aliinuka, akajipangusa kwa kiasi ilivyowezekana, akaamua kwamba pale nguvu ziliposhindwa yatumike maneno. Akasimama mbele ya hori, mkono mmoja kifuani.

"Ewe Shangazi, binti wa ukoo wenye pembe, mwenye kiwele kinachosifiwa kutoka hapa hadi kituoni! Sikuja kama adui. Nimekuja na elimu. Nimeacha mji, nimeacha magari, nimekaa dawati moja na watoto wa watu, kwa ajili yako. Nakuomba kwa heshima na taadhima, shusha maziwa, historia inatutazama."

Historia ilikuwa haitazami. Aliyekuwa akitazama ni Dada.

"Umemaliza hotuba?" aliuliza.

Teksi ikapiga honi getini, honi fupi ya adabu. Dada akashusha pumzi, akauweka mkoba chini, akainama polepole kwa maumivu, akaanza kulegeza kamba za viatu vyake vya safari. Kando ya kiti zilikuwako buti zake za zizini. Breki alipoona mkono wa dada yake unaelekea kwenye buti, moyo ulimshuka hadi kwenye zile zake. Yale yote ya ngao na majemadari yalimtoka akabaki mtu tu, amelowa nyuma, na dada yake haendi hospitali.

"Subiri kidogo, Dada. Nakuomba. Usivae bado."

Alisema hivyo kwa sababu kuna jambo alilolisikia darasani, na kwa kweli alilisikia nusu, maana wakati huo alikuwa akimkosoa jirani yake jinsi alivyoshika kalamu. Mkufunzi alisema kwamba ng'ombe hazuii maziwa kwa ukaidi. Maziwa hushuka akipata ile dalili aliyoizoea kwamba sasa ni wakati wake: mwingine ni mlio wa ndoo, mwingine ni ndama, mwingine ni mlango fulani unavyolia. Basi ukikabidhiwa ng'ombe wa mtu, muulize mwenyewe anafanya nini, hata yale ambayo yeye hayahesabu kuwa ni kazi.

Breki akamuuliza. Dada akasema huwa anamkamua tu. Anaosha kwa maji gani? Hayohayo. Anakaa upande gani? Huohuo. Pumba? Hizohizo.

"Ukimkamua unakuwa kimya?"

Dada akatazama paa. Lilikuwa paa la bati, hapana cha kutazama pale.

"Huwa tunazungumza."

"Wewe na nani?"

"Mimi na yeye. Mambo ya nyumbani."

"Mambo gani ya nyumbani, Dada? Sema, teksi inasubiri."

Dada akaurudisha mkoba mapajani, akaufungua, akaufunga.

"Nakusema wewe," alisema. "Kila siku, asubuhi na jioni. Nikianza tu kukusema, anashusha."

Lo! Inameni vichwa, wasikilizaji, mumwonee huruma shujaa wetu. Zile ndoo zote alizokamua Dada, naye akazibeba hadi barabarani kifua mbele, yale maziwa yaliyopendwa kituoni, yote yalikuwa yametoka kwenye sifa yake mbaya. Aliuliza, kwa sauti ndogo, jambo hilo limeanza lini.

"Tangu ulipokuja. Zamani nilikuwa namsema marehemu shemeji yako. Ila ulipokuja wewe maziwa yaliongezeka."

Breki akalimeza na hilo. Kisha akaona mwanga: basi Dada aseme palepale kitini, yeye akamue. Dada akatikisa kichwa. Alimuuliza jioni atasema nani, na kesho, na wiki ile nyingine, yeye akiwa amelazwa na mguu umening'inizwa. Kama ni kusemwa, ajiseme mwenyewe.

Breki akaokota kigoda. Akakaa. Akaosha upya, akakausha upya, akashika chuchu, akasafisha koo.

"Ewe Shangazi, mimi ni mja niliyejaa mapungufu..."

Mkia ukampiga usoni.

"Mapungufu gani?" alisema Dada. "Shangazi hajui mapungufu. Mwambie ya sufuria."

Breki akainamisha paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, palipokuwa na joto, akaanza upya, chinichini, kwa sauti ya jikoni.

"Haya. Kuna mtu humu ndani aliambiwa atazame maziwa yasifurike. Akayatazama. Yalifurika akiyatazama. Akazima jiko, akaificha sufuria chini ya kitanda, akadhani harufu haitatoka."

Sikio moja la Shangazi likageuka.

"Mtu huyohuyo alimaliza sukari, akarudisha kopo tupu kabatini na kulifunika vizuri. Akasema atatengeneza mlango wa choo. Akatoa bawaba. Mpaka leo anayeingia chooni inabidi aimbe."

"Mwambie ya jirani," alisema Dada.

"Jirani alikuwa anafagia uwanja wake. Mtu akatoka, akamwelekeza namna ya kufagia. Uwanja wa mwenyewe, ufagio wa mwenyewe."

Shangazi akaacha kutafuna. Akashusha pumzi ndefu iliyonuka majani, miguu yake ya nyuma ikalegea. Chini ya vidole vya Breki chuchu ikajaa, na maziwa yakapiga chuma cha ndoo kwa nguvu, mstari mweupe, kisha mwingine. Breki alitaka kupiga kelele akakumbuka asipige. Akaendelea kujisema. Akasema ya pasi iliyounguza gauni, ya nyimbo zake bafuni, ya jinsi alivyomfuata mwendesha baiskeli hadi sokoni amwonyeshe kutoa ishara ya mkono. Dada alicheka hata akaishika nyonga, akamwambia apunguze, anaumia. Ndoo ikajaa hadi nusu na povu lake.

Kisha mambo ya kuchekesha yakamwishia, na kiwele kilikuwa bado hakijaisha. Mikono ikaendelea. Mdomo nao ikabidi uendelee.

"Na mtu huyo ana dada yake, Shangazi. Alikuwa anaumwa. Nyumba moja, meza moja, anamwona anashika ukuta akienda jikoni, na yeye anauliza kuna chai. Dada hakusema. Yeye hakuuliza. Siku alipojua alikwenda chuo kwa kiburi, akisema anakwenda kushinda ng'ombe, lakini si kweli. Alikwenda kwa hofu. Anaogopa dada yake ataishi na maumivu kwa kukosa mtu wa kushika ndoo. Na hiyo hospitali nayo anaiogopa. Hana mwingine, ndiyo hivyo. Angetaka kumwambia, ila hajui aanzie wapi, kwa hiyo anakwambia wewe."

Yakasikika maziwa tu, yakipungua, mpaka chuchu zikalegea na kiwele kikawa laini. Breki akachovya chuchu zote kwenye dawa kama alivyofundishwa, akaitoa ndoo chini ya ng'ombe taratibu, kwa mikono miwili. Alipogeuka, Dada alikuwa ameinama, anafunga tena kamba za viatu.

"Nishike mkono," alisema.

Akamshika. Wakaenda hadi getini kwa hatua fupi, hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba anakwenda polepole. Dereva akafungua mlango, akamwamkia mwalimu wake. Dada akaingizwa, akawekewa mto, mkanda ukafungwa. Akashusha kioo. Macho yake yalikuwa na maji, na ulimi wake ulikuwa palepale.

"Mdogo wangu."

"Naam, Dada."

"Usijirekebishe mpaka nirudi."

Gari likaondoka. Basi na iandikwe, na watoto wa shule wakaririshwe kama kuna shule itakayokubali: kwamba asubuhi hiyo, katika zizi lenye paa la bati, Breki, Mzuia-Magari, Bingwa wa Ng'ombe wa Mbao, Mwenye Mapungufu Yasiyokauka, alijaza ndoo moja pungufu ya vidole vitatu, na kituo cha maziwa kikaipima kikaipokea, na mtu aliyeahirisha mara mbili akaenda kutengenezwa nyonga. Falme zimeanguka kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Hatuna mfano wa kuutoa papo hapo, lakini tuna hakika zimeanguka.

Jioni aliingia tena zizini na ndoo, peke yake. Shangazi akageuza kichwa, akatazama mikono yake, akasubiri. Breki akaosha, akakausha, akainamisha paji la uso pale penye joto. Akamwambia kwamba kuna mtu leo, mtu mzima na buti zake, alisimama getini mbele ya dereva wa teksi akalia mpaka gari likapotea. Maziwa yakashuka.